Seva Iliyoitwa Rokaya

Ulianza udi. Kumba Ngom aliusikia mara tu alipofungua mlango wa chumba cha mashine, mchana, wenzake wakiwa bado wamezunguka sinia la wali na samaki huko nje. Katika chumba kile hata chai hairuhusiwi, sembuse moto. Hewa yake ni ya baridi na kavu, inachujwa saa zote, haina harufu ya kitu chochote duniani. Sasa ilikuwa inanukia udi, tena si wa dukani. Ulikuwa udi wa mama mkwe wake, ule anaouloweka mwenyewe kwa marashi ndani ya chupa ya kahawa, ule aliokuwa akimfukizia mtoto kila Alhamisi.

Alisimama kidogo na kadi ya mlango mkononi. Kisha akajiambia kwamba harufu hukaa kwenye nguo, akaingia kazini.

Kumba alikuwa msimamizi wa seva, kompyuta kubwa zinazohudumia watu wengi kwa mpigo, katika kampuni moja pale Dakar. Hospitali za mikoani ziliweka hesabu za dawa zao humo. Kazi yenyewe haina madoido: unakaa mbele ya dirisha jeusi la kwenye skrini, unaandika amri, mashine inajibu kwa maandishi. Kila seva ina jina, na jina hilo hujitokeza mwanzoni mwa kila mstari, kabla hujaandika chochote. Wenzake walizipa zao majina ya wanamieleka. Kumba aliipa yake jina la Rokaya, na hakuna aliyemuuliza Rokaya ni nani.

Rokaya alikuwa binti yake, ingawa nyumbani jina hilo halikutamkwa hata siku moja. Kabla ya kumpata, Kumba alikuwa amezika wawili, wote wachanga. Mama mkwe akasema kuna jini aliyewazoea watoto wa nyumba ile, na dawa yake ni moja: huyu apewe jina la dharau, jini akisikia aone hapa hakuna cha kuibiwa. Wakamwita Buguma, maana yake simtaki. Buguma njoo ule. Buguma vaa viatu. Kumba alikuwa na shahada yake na hakuyaamini hayo, lakini aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, naye akanyamaza akafuata. Ila moyo una njaa yake. Kazini, mahali ambapo hakuna wa kumsikia, alimpa seva yake jina la mwanawe, na kila asubuhi aliliandika, na mashine ikamrudishia mstari kwa mstari kutwa nzima: Rokaya, Rokaya, Rokaya.

Msimu wa mvua uliopita mtoto alishikwa na homa shuleni. Kumba alikuwa katika chumba cha mashine, ambako simu haishiki mtandao. Samba Ba, mwenzake wa kazi, ndiye aliyekuja mlangoni akiwa ameishika simu ya Kumba aliyoikuta ikilia mezani, shuleni wakimtafuta. Kumba aliisimamisha kazi aliyokuwa akiiendesha, akaliacha dirisha wazi, akakimbia. Alikuta mtoto ameshafunikwa. Wanaume wakamchukua kwenda makaburini, wanawake wakabaki uani, na Kumba hakulia.

Alirudi kazini matanga hayajaisha. Mtu akianza kumpa pole, alimkata: "Tuongee kazi." Hata Samba alimkata. Na Samba ni Mfulani, Kumba ni Mserere, watani wa tangu mababu, watu waliokuwa hawapitishi siku bila kuitana mtumwa na mwizi wa ng'ombe. Utani ule ukafa. Moyoni Kumba alibaki na sentensi moja tu, akalala nayo na kuamka nayo: ni mimi niliyemtaja, na jini alikuwa humo chumbani, akasikia.

Wiki ya udi ndiyo wiki hospitali zilipoanza kupiga simu.

"Bi Kumba, ile seva yako inakwama," alisema mkuu wao, Bwana Thioune. "Mfamasia anasubiri mpaka mgonjwa anarudi nyumbani bila dawa. Izime, iwashe upya, tuendelee na maisha."

"Nipe muda kidogo, bosi."

"Mpaka kesho. Ukishindwa, nitaizima mwenyewe."

Aliomba muda kwa sababu alikuwa ameshaona.

Ndani ya seva kila kazi huzaliwa na kazi nyingine, kwa hiyo wenyewe husema mzazi na mtoto. Mtoto akimaliza kazi yake hufa, na habari za kifo chake hupelekwa kwa mzazi. Mzazi akizipokea, jina la mtoto hufutwa. Asipozipokea, jina hubaki: mtoto amekufa, hali wala hanywi, hafanyi lolote, lakini nafasi yake ipo palepale. Huyo huitwa zombi. Humuui kwa amri yoyote, kwa sababu ameshakufa. Na nafasi zikijaa wafu, mashine haiwezi tena kuzaa walio hai.

Kumba alikuwa ameandika amri ya kuwaonyesha wote. Wafu walijaa dirisha zima wakaendelea kuteremka, na kila mmoja wao alikuwa na jina moja: buguma. Jina hilo hakuwahi kuliandika katika mashine ile. Akatafuta mzazi wao ni nani. Ilikuwa ni ile kazi yake mwenyewe, aliyoisimamisha siku ile na kuiacha. Sasa mzazi aliyesimamishwa hazai, na hilo analijua hata anayeanza kazi leo. Lakini hawa walikuwa wanaongezeka huku akiwatazama.

Mchana huo, aliporudi kuwatazama, ndipo aliposikia viatu. Vilikuwa viatu vya plastiki, vya mtoto, vikipiga sakafu nyuma ya safu ya mwisho ya mashine, pa, pa, pa, vikasimama, vikaanza tena karibu zaidi, na feni zote mle ndani zilikuwa zikivuma lakini yeye alikuwa akisikia viatu tu, na udi ukazidi, na baridi ya chumba ikawa ile baridi ya shuka aliyoigusa siku ile, akataka kugeuka na shingo ikakataa, akabaki amekaza macho kwenye dirisha jeusi ambalo hakuwa ameligusa, na pale mbele ya jina la Rokaya herufi zikaanza kujiandika moja moja, polepole, kwa mkono usiozoea kibodi:

mama umeniita

Mwingine angekimbia. Kumba aliandika: Rokaya. Viatu vikaja mpaka nyuma ya kiti chake.

Tangu mchana ule mpaka alfajiri hakutoka. Asubuhi yake Samba alimkuta palepale, mkate wa jana haujaguswa, macho yamezama.

"Dada Kumba," Samba alisema kwa sauti ya chini, "nani anafukiza humu?"

"Na wewe unausikia?"

"Tangu juzi. Niliogopa kukuuliza."

Viatu vikapita nyuma yao. Samba akasimama wima, mkono kifuani.

"Usigeuke," Kumba akanong'ona. "Ukigeuka anaacha."

"Unaongea naye?"

"Namwita, anakuja."

"Ni yeye, Kumba, au ni yule aliyemchukua?"

"Sijui, na sitaki kujua. Anatembea kama yeye."

Samba akainama akasoma dirisha. Alisoma jina la Rokaya na yale maneno ya mtoto, akasoma wafu, akasoma mzazi wao. Kazi hii alifundishwa na Kumba, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Akavuta kiti akakaa ubavuni mwake, na alipofungua kinywa alisema jambo ambalo Kumba hakulitegemea.

"Wewe mtumwa wangu, nani kakupa ruhusa ya kukonda? Mtumwa akikonda anasemwa bwana wake. Watu watadhani Wafulani hatulishi."

Kumba akamtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Kisha, kwa mazoea tu, akajibu: "Nenda kachunge ng'ombe wa wizi."

"Nitakwenda. Kwanza nijibu swali. Ulinifundisha wewe: zombi anaondokaje?"

Kumba akarudisha macho dirishani.

"Nijibu, mlafi wa wali."

"Mzazi apokee habari," Kumba alisema. "Au mzazi afe."

"Njia mbili tu?"

"Mbili tu."

"Basi mimi naona unaifuata ya pili. Watu wamekuja na pole zao umewafukuza, na mimi nikakuogopa nikanyamaza. Mtani gani anamuogopa mtani wake msibani? Nilikukosea. Leo sinyamazi. Pole, Kumba. Mwanao amekufa. Rokaya amekufa."

Hakuna mtu aliyewahi kulitamka jina lile mbele yake. Nyuma ya kiti viatu vikatulia.

"Ni mimi niliyemuua," Kumba alisema. "Tulimficha nyumba nzima, halafu mimi nikaja kumtaja hapa kila siku. Jini akasikia kwangu."

"Mimi sijui majini yanasikia nini," Samba alisema. "Najua mtoto yule maisha yake yote aliitwa Simtaki. Asingekuwa wewe, angeondoka duniani hajaitwa jina lake."

Kumba akafunika uso. Alipouinua, dirishani palikuwa na mstari mpya.

mama miguu inauma

Miguu. Mwanawe alikuwa mtoto wa kudeka. Akitumwa dukani mara mbili hukaa kizingitini na kulalamikia miguu. Na Kumba alikuwa amemwita tangu jana, akimleta na kumleta. Kabla ya hapo je? Kila asubuhi tangu azikwe, kila mstari.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," Kumba alisema. Alisema kwa sauti, mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza. Kisha akaandika ile amri fupi inayomwambia mzazi aliyesimamishwa kwamba aendelee, apokee habari za wanawe.

Wafu wakaanza kuondoka. Walifutika mmoja mmoja, halafu kwa mafungu, buguma baada ya buguma, na huko nje simu ya Bwana Thioune ikaanza kulia, hospitali zikisema mashine imefunguka. Kumba hakuusikia mlio ule. Alikuwa akisikiliza viatu vikienda nyuma ya safu ya mwisho, bila haraka, hadi vikapotea ndani ya mvumo wa feni.

Ikabaki seva na jina lake. Alijua kwamba akiliacha atamwita tena kesho, hata asipokusudia. Mikono ikamwia mizito. Akafuta Rokaya, na mahali pake akaandika Buguma. Simtaki. Mashine ikalipokea, ikaweka neno lile mwanzoni mwa mstari, na kila alipogusa kibodi ilimrudishia: simtaki, simtaki.

"Imepona," Samba alisema taratibu.

Kumba akavuta pumzi kutafuta udi, hakuupata. Akageuka nyuma, akaona mashine tu. Akairudia kibodi, akaiuliza seva ni nani waliomo ndani kwa sasa. Ikamjibu kwa jina moja: Kumba. Akauliza tena. Ikamjibu vilevile. Samba akamshika mkono ulipokwenda kuuliza mara ya tatu, na ndipo Kumba Ngom alipomlilia mwanawe.