Waliomteta Nyuma ya Ukuta

Msusi mmoja, mwanamke wa mdomo mkali, alitoka uani jua likizama kuanua nguo. Ndani, mumewe fundi saa alikuwa ameinamia meza yake. Miaka kumi na minne ya ndoa, na msusi alimwona kama kiti: kipo tu, hakina neno.

"Utaota mizizi hapo, zoba wee!" alimtupia kupitia dirisha.

Mume akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomchefua zaidi.

Ndipo akasikia watu wakiteta nyuma ya ukuta.

Akaganda, shuka mkononi. Nyumba ya nyuma haikuwa na mtu tangu mwaka juzi. Hata milango ilishang'olewa.

"Mikono kama miguu ya kuku," ilisema sauti ya mwanamke. "Wateja wanamwendea kwa huruma tu."

Kicheko. Harufu ya nywele zilizoungua ikapanda ukutani.

"Na mama yake je? Si alimwacha afe na kiu? Maji yako pale mezani..."

Uongo! Alimuuguza mama yake miezi saba kwa mikono yake mwenyewe. Msusi akavuta pumzi awapasulie. Hakuwahi kutukanwa akanyamaza.

"Shhh," mmoja akanong'ona. "Anataka kujibu. Akijibu tu... tumempata."



Walikuwa wakimsikiliza.

Akajiziba mdomo kwa shuka. Wakaanza tena. Mama. Kiu. Maji. Machozi yakamtiririka, na ulimi ukamwasha kama pilipili.

Mlango wa uani ukafunguka. Fundi saa alikuwa amesikia yote.

"Waongo wakubwa!" akafoka, mara ya kwanza katika ndoa yao. "Mke wangu hakubanduka kitandani pa mama yake!"

Ukuta ukanyamaza.

Akamgeukia mkewe, akafungua mdomo aseme jambo.

Sauti haikutoka.

Daktari anasema koo ni zima. Mganga alifika hadi uani, akanusa, akaaga. Fundi saa anakula, anafanya kazi, anatabasamu. Lakini kila magharibi sauti yake husikika nyuma ya ukuta, katikati ya wale wanawake, ikiwasimulia kwa dharau mambo ya chumbani ambayo hakuna mwingine ayajuaye.

Mengi ni kweli.

Msusi huanua nguo huku ameuma meno. Jana sauti ile ilikatiza kicheko, ikaita kwa upole:

"Mke wangu... hata wewe hunijibu?"

Akageuka. Dirishani, mumewe alikuwa akigonga kioo kwa viganja vyote viwili, akitikisa kichwa.