Tundu Kwenye Karatasi ya Kliniki

Nyumbani kwetu sebule ndiyo karakana. Ukifungua mlango wa mbele unakutana na cherehani mbili zinazotazamana, meza ndefu ya kukatia, na ukuta wenye misumari iliyotundikwa karatasi za kukatia kola, mikono na mifuko. Cherehani moja ni ya mama yangu. Ya pili ni ya mdogo wake, ambaye namwita Mama Mdogo, ingawa kwa mwili yeye ndiye mkubwa.

Kila siku nikitoka shule nilivua sare, nikala, kisha nikakalia kigoda changu katikati ya cherehani hizo na kuwasomea kwa sauti. Anayeshona hawezi kusoma. Macho yakihama kwenye sindano, kidole kinalia. Kwa hiyo mimi nilisoma gazeti, barua, vipimo vya wateja, hata maandishi ya kwenye kasha la uzi. Ndiyo maana wakaniita Redio.

"Redio, washa!" Mama Mdogo husema, nami nawaka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilijiona mtu muhimu kweli kweli.

Wakati huo Mama Mdogo alikuwa na mimba ya miezi miwili. Mwaka uliotangulia mimba yake ya kwanza iliharibika, na tangu hapo alikuwa mwoga wa kila kitu. Ndoo hainui, ngazi hapandi, hata kicheko chake kikubwa alikipunguza. Jumatatu moja alikwenda kliniki. Foleni ilikuwa ndefu, na muuguzi hakuwa na nafasi ya kuongea naye sana. Alimpa karatasi ngumu, nyeupe upande mmoja, yenye maandishi upande wa pili, akamwambia, "Kasome na mumeo habari za chanjo. Alhamisi ya wiki ijayo ni siku ya chanjo kwa wajawazito. Ukikosa, utasubiri mwezi mzima."

Mama Mdogo aliiweka karatasi hiyo juu ya meza ya kukatia, chini ya kopo la chaki.

Siku iliyofuata nilibaki peke yangu karakanani. Mama na Mama Mdogo walikwenda kupeleka sare za shule. Kwa muda mrefu nilitamani kukata kola mwenyewe, tena bila kusaidiwa. Mama alikuwa na amri moja: karatasi za kukatia hutoka kwenye boksi la magazeti, si kwingine. Lakini gazeti ni laini, huchanika ukilizungushia chaki. Macho yangu yakaangukia ile karatasi ngumu, upande wake mweupe ukiwa juu. Sikuigeuza. Nilichora kola, nikashika mkasi, nikakata taratibu huku ulimi umetoka nje.

Ilitoka vizuri mno. Mama aliporudi aliipima kwa tepu, akatikisa kichwa kwa furaha. "Hii umekata wewe? Basi nimepata fundi wa tatu!" Akaitundika msumarini, uso mweupe mbele, mahali ambapo kila mteja angeiona. Kifua changu kilijaa. Nilipogeukia meza kuokota mabaki ndipo nikaona maandishi, na katikati yake tundu kubwa lenye umbo la kola. Nikayakunja mabaki upesi upesi na kuyarudisha chini ya kopo la chaki.

Jumatano Mama Mdogo alisema, "Redio, washa. Nisomee ile karatasi yangu ya kliniki. Nimekaa nayo tu, na roho haitulii."

Mlangoni alikuwepo Mama Mikate, jirani yetu anayeuza mikate. Naye alikuwa mjamzito, na alikuja kupanuliwa gauni kiunoni. Wote walinyamaza wanisikilize.

Niliikunjua karatasi kidogo tu, nikaishika karibu na kifua ili tundu lisionekane. Juu kabisa paliandikwa, "Chanjo kwa mama mjamzito". Chini yake hapakuwa na kitu. Baada ya tundu yalibaki maneno haya: "hazitolewi wakati wa ujauzito. Mama asubiri hadi ajifungue."

Ningeweza kusema hapo hapo. Maneno yalikuwa sita tu: "Mama Mdogo, nimeikata kwa bahati mbaya." Lakini niliinua macho, nikaiona kola yangu inaning'inia pale msumarini, na fahari ya jana ikaniziba mdomo. Nikachukua neno la juu, nikaliunga na maneno ya chini kama ninavyounga vipande vya kitambaa.

"Chanjo hazitolewi wakati wa ujauzito," nilisoma kwa sauti yangu nzuri ya redio. "Mama asubiri hadi ajifungue."

Cherehani ya Mama ilisimama. "Una hakika, mwanangu? Mimi nilichanjwa nikiwa na mimba yako."

"Ndivyo ilivyoandikwa," nikasema. Na kweli ndivyo ilivyoandikwa, nilijidanganya moyoni.

"Labda siku hizi wamebadilisha," alisema Mama Mdogo. Alishusha pumzi ndefu. "Afadhali! Tangu juzi naiogopa hiyo sindano. Basi siendi."

"Hata mimi siendi," alidakia Mama Mikate. "Wananipangisha foleni bure na miguu imenivimba hivi!"

Nilimtazama akitoka na gauni lake kwapani, akiwa amebeba uongo wangu barabarani. Ile karatasi niliificha ndani ya daftari la jiografia.

Jumatatu, mwalimu wa sayansi alitufundisha kuhusu pepopunda. Alisema vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na vumbi, huingia mwilini kupitia kidonda, na misuli hukaza mpaka mtu anashindwa kufungua mdomo. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau.

"Mtoto mchanga naye huweza kuupata ugonjwa huu. Kitovu chake kikikatwa kwa kifaa kichafu, au kikipakwa kitu kichafu, vijidudu huingia. Siku mbili tatu anayonya vizuri, halafu anashindwa kunyonya. Ndiyo maana mama huchanjwa akiwa na mimba. Kinga yake humfikia mtoto kabla hajazaliwa."

Kwa kawaida mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Siku hiyo niliunyoosha mwisho kabisa, tena nusu.

"Mwalimu, hata mama mwenye mimba changa?"

"Hata mimba changa, kwa chanjo ya pepopunda. Zipo chanjo nyingine ambazo mjamzito hapewi, lakini hii siyo mojawapo. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu, mwalimu."

Nilirudi nyumbani polepole. Nilikuwa nimemwibia kinga mtoto ambaye hata hajazaliwa. Nilijiambia nitasema nikifika. Nilipofika, Mama Mdogo alinipokea kwa sahani ya chakula na kunishika shavu. "Redio wangu! Umenituliza roho wewe. Sasa nalala usingizi." Nikashindwa. Chakula chenyewe sikukimaliza. Jumanne nikajiambia tena, nikashindwa tena.

Jumatano alasiri alikuja Baba Mdogo, mume wa Mama Mdogo. Yeye ni fundi baiskeli, mtu wa mizaha, lakini siku hiyo aliingia bila mzaha, mikono bado myeusi kwa grisi.

"Kesho ndiyo siku ya chanjo," alimwambia mkewe. "Nimeulizia kwa wateja wangu, wawili wake zao walichanjwa miezi ya mwanzo. Wewe unasema karatasi imekataza. Nataka kuiona kwa macho yangu."

"Iko chini ya kopo la chaki," alisema Mama Mdogo.

Akainua kopo. Hakuna kitu. Wakatafuta chini ya meza, kwenye boksi la magazeti, ndani ya mifuko ya vitambaa. Mimi nilikaa kwenye kigoda nimekumbatia begi langu la shule, na ndani ya begi mlikuwa na daftari la jiografia.

"Sema ukweli tu, mke wangu," Baba Mdogo alisema kwa sauti ya chini. "Uliogopa sindano, ukaitupa karatasi. Si ndiyo?"

Mama Mdogo aliacha kutafuta. Uso wake ulikunjamana. "Mimi niliyepoteza wa kwanza, nimfanyie mchezo huyu? Mbona unanifikiria hivyo?" Akakaa kwenye kiti cha cherehani, akalia kimya kimya, machozi yakidondoka juu ya shati la mteja.

Mama alipoona mambo yanaharibika alifanya anachofanya siku zote: alirudi kwenye kazi. Alitandaza kitambaa cheupe mezani, akaitungua kola yangu msumarini, akaiweka juu yake na kuchora upande mmoja. Upande wa pili huchorwa kwa kuigeuza karatasi. Nilijua. Mkono wake ulikwisha kushika ncha ya kola.

"Mama, usigeuze!" nilipiga kelele. "Ni mimi! Karatasi ya Mama Mdogo ni hiyo hiyo. Niliikata mimi!"

Nilifungua begi, nikatoa daftari, nikaweka yale mabaki mezani. Nilieleza yote huku nalia, hata lile neno nililoliunga.

Baba Mdogo alifuta vidole kwenye suruali yake, akaichukua kola, akaigeuza na kuipachika kwenye tundu. Ilikaa sawasawa. Akasoma polepole karatasi ikiwa nzima:

"Chanjo ya pepopunda hutolewa mapema katika ujauzito, hata miezi ya mwanzo. Chanjo zenye vijidudu hai, kama za surua na rubela, hazitolewi wakati wa ujauzito. Mama asubiri hadi ajifungue."

Kisha akamgeukia mkewe. "Nisamehe. Nimekusingizia."

Mama Mdogo alikuwa akinitazama mimi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Redio," alisema, "mimi nilikuamini kuliko macho yangu mwenyewe."



Mama alinipa adhabu moja tu. "Kesho alfajiri utakwenda kwa Mama Mikate, peke yako, umwambie kama ulivyotuambia sisi. Halafu utamsindikiza mama yako mdogo kliniki. Mwalimu wako nitamweleza mimi kwa nini hukufika shule."

Mama Mikate alinisikiliza akiwa ameshika trei ya mikate. Alininyooshea kidole, akaniita mtoto hatari, akaingia ndani na kufunga mlango. Nilisimama pale kibarazani nikiwa sijui niondoke au nibaki. Baadaye mlango ukafunguliwa, naye akatoka amevaa lile gauni tulilompanulia, kadi ya kliniki mkononi. Njia nzima hakuniongelesha.

Tulimpitia Mama Mdogo, na kliniki tukakaa sote watatu kwenye benchi la mbao. Mama Mdogo alikuwa na ile karatasi, imeungwa kwa gundi ya karatasi. Zamu yake ilipofika alisema nami niingie.

"Mimi naogopa," alimwambia muuguzi bila kuzunguka. "Ya kwanza iliharibika. Sindano hii haitaiharibu na hii?"

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Pole sana, dada yangu. Kwa nini ile iliharibika siwezi kujua, na mara nyingi si kosa la mama. Lakini hii chanjo imetumika kwa wajawazito wengi kwa miaka mingi, na haijaonekana kuharibu mimba. Haina kijidudu hai ndani yake. Mkono utauma siku moja au mbili, pengine homa kidogo. Utarudi baada ya wiki nne kwa ya pili. Uamuzi ni wako. Ukitaka kufikiri zaidi, fikiri, lakini niulize kila kinachokutatiza."

Mama Mdogo aliuliza. Aliuliza maswali saba, mimi nikihesabu. Aliuliza hata kama anaweza kushona siku hiyo hiyo. Muuguzi alijibu yote, foleni ikinung'unika nje. Mwishoni Mama Mdogo alikunja mkono wa gauni lake mpaka begani.

"Nichanje," alisema. Kisha akaninyooshea mkono wake mwingine niushike. Niliushika kwa mikono yote miwili, nikalia upya, mpaka muuguzi akauliza nani anachanjwa hapa.

Akiwa anaandika kadi, muuguzi aliiona karatasi yenye gundi, akacheka aliposikia kisa chake. Lakini aliponitazama hakuwa anacheka tena. "Kuharibu karatasi si kitu, binti. Ninazo nyingi, ungekuja ningekupa nyingine. Watu wakikuamini uwasomee afya zao, umebeba kitu kikubwa. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Usipojua, sema hujui. Nao watakuja kutuuliza sisi."

Mama Mikate naye alichanjwa baada yetu. Tuliporudi Mama aliipokea ile karatasi, akaibandika ukutani na alama zake za gundi, upande wa maandishi mbele. Wateja walisoma wenyewe. Kola niliikata tena, safari hii kwa gazeti, na ilichanika mara mbili.

Kwa siku nyingi hakuna aliyesema "Redio, washa." Nilikaa kwenye kigoda nikifagia nyuzi. Sikulalamika, nilijua nilichokifanya. Mama Mikate alianza kuniitikia salamu wiki ya pili.

Alasiri moja, wiki nne baadaye, Mama Mdogo aliingia kutoka kliniki akisugua bega. Alikuwa amechanjwa ya pili, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Alikaa kwenye cherehani yake, akapitisha uzi kwenye sindano, kisha akatoa mkobani karatasi mpya aliyopewa na kunirushia mapajani.

"Washa," alisema. "Na ukifika penye tundu, useme kuna tundu."