Shemeji wa Kitanda cha Dirishani

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, lifti ya hospitali ilikwama, na watu waliobeba vyakula wakajazana chini ya ngazi wakinung'unika. Mbele kabisa alisimama mshonaji mmoja, gauni la bluu limemkaa sawasawa, chupa ya supu mkononi, futi ya kushonea ameisahau shingoni. Fundi wa lifti akachomoza kichwa mlangoni, mashavu yamejaa grisi.

"Dada, na futi hiyo unakwenda kumpima nani?"

"Nitakupima wewe sanda, lifti hii isipotembea."

Watu wakacheka. Lifti ikatembea.

Tangu siku ile wawili hao wakawa wanaitana "fundi", kila mmoja akidai ndiye fundi wa kweli. Simu zikaanza: huyu akiuliza kama mwenzake ameshakula, yule akimwonya asiharibu nguo za watu kwa kucheka na simu huku anakata kitambaa. Mapenzi yaliingia hivyo, kwa mzaha. Jambo moja tu halikusemwa. Mshonaji alizoea kusema "nina mgonjwa wodini", na fundi, kwa adabu, hakuuliza ni nani wake.

Alasiri moja fundi akapanda na mfuko wa machungwa ili amjulie hali huyo mgonjwa. Mlangoni akasikia sauti ya mwanamume, nzito, ikitafuta maneno kama mtu anayepapasa gizani.

"Mke wangu... maji."

"Abee, mume wangu. Haya, kunywa taratibu."

Sauti ya pili aliijua. Akauacha mfuko kwenye benchi la korido, akateremka kwa ngazi.

Mshonaji aliukuta una alama za vidole vya grisi, akaelewa. Simu yake haikupokelewa, siku ile wala kesho yake. Mwishowe akamfuata chumba cha mitambo, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akaeleza bila kuulizwa.

Yule ni kaka yake, aliyemlea tangu wazazi walipofariki. Gari liliwagonga yeye na mkewe wakivuka barabara. Wifi alifia palepale. Kaka alipasuka fuvu, ubongo ukavuja damu. Alipozinduka, mkono wa kulia ulikuwa umelala, na kumbukumbu haikai: linaloingia asubuhi, jioni halimo.

"Ungemwambia ukweli," fundi akasema, macho kwenye spana.

"Nilimwambia. Alilia hadi wakamchoma sindano ya kumtuliza. Asubuhi yake akauliza tena mkewe yuko wapi. Nikamwambia, akalia upya, kama ndiyo kwanza anasikia. Nimemzika wifi yangu kila asubuhi, fundi. Siku moja akaniita mimi mke wake, nikaitika. Nilichoka kuzika."

Muuguzi, akaendelea, hakumlaumu wala hakumsifu. Alimwonya tu kwamba akili ikirudi, siku hiyo itakuwa nzito. Na daktari hasemi kama itarudi.

Fundi akauliza polepole: mtu akitaka kuposa, aende kwa nani?

"Kwake. Sina mwingine. Na yeye ananiita mke." Akacheka kidogo. "Nenda zako tu, mpenzi. Sitakulaumu."

Hakwenda. Alinawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka kucha zikatakata, akavaa shati lake la kurudia nyumbani, wakapanda pamoja.

Kaka alikuwa ameegemezwa kwa mito kando ya dirisha, nusu ya kichwa imenyolewa, kovu limepinda kama mshono wa mwanafunzi. Akamtazama mgeni kwa muda mrefu.

"Nani?"

Mshonaji akashika chuma cha kitanda.

"Mimi shemeji yako," fundi akasema.

Neno hilo halichagui upande: ndugu wa mke ni shemeji, na mume wa dada ni shemeji. Uso wa mgonjwa ukalegea.

"Shemeji. Umechelewa." Akamwagiza huyo aliyemdhani mkewe ampishe nduguye akae. Kisha akaushika mkono wa fundi kwa ule wake mzima, akahangaika na maneno mpaka jasho likamtoka.

"Mimi... sifai tena. Mchukue. Asizeekee hapa."

"Nimesikia, shemeji."

Mshonaji alikuwa amegeukia dirisha, akiiviringisha futi kidoleni mpaka kidole kikafa ganzi.

Ndani ya lifti hawakutazamana. "Kesho hatakumbuka," mshonaji akasema. "Atakuuliza tena wewe nani."

"Basi kesho nitaposa tena," fundi akajibu, akabonyeza kitufe cha kushuka.