Shati la Turubai na Bega la Lokule

Ndugu zangu wa Koboko, haya nilipaswa kuwaambia zamani. Mimi ni Yugu. Nilijifunza kunyanyua vyuma nikiwa jeshini, na nikawafundisha vijana wenu nyuma ya soko.

Mwaka 1993 mwanafunzi wangu bora alikuwa Lokule wa Ludara, mpakiaji wa magunia ya tumbaku. Jumapili mchana mkewe, Rosa Kiden, alikuwa akikaanga karanga uani, na Lokule akipiga pushapu huku binti yao mdogo amempanda mgongoni, wote wanacheka. Ilikuwa nyumba ya amani. Aliyeivuruga ni mimi.

Lokule aliijua kazi. Alilala benchini, akabana mabega nyuma, akakanyaga ardhi kwa nguvu. Alishusha chuma polepole hadi kifuani, viwiko karibu na mbavu, akakituliza, ndipo akakisukuma juu. Kwa namna hiyo aliinua kilo mia na kumi bila kuumia. Lakini mashindano ya Arua yalikuwa yanakaribia, na huko angekuwepo Jacques, mfanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka, aliyewahi kunishinda mbele za watu. Nilitaka ashindwe, hata kama ni kwa mikono ya mtu mwingine.

Nilikuwa nimeona gazetini picha ya shati gumu la wanyanyuaji. Linambana mtu kifua na mabega, na chuma kikifika chini linasaidia kukirudisha juu. Nikamwomba Candiru, fundi cherehani wa Arua, anishonee la turubai. Kwa mwezi mmoja Lokule akafika kilo mia na thelathini. Nguvu zile hazikuwa za bega lake, zilikuwa za shati. Nilijua hivyo, nikanyamaza.

Siku moja Rosa alinifuata.

"Mwalimu, bega ya Lokule iko mgonjwa. Asubuhi hawezi beba mutoto."

"Ni uchovu tu, mama. Mkande kwa maji ya moto."

"Nimekanda wiki mbili. Mwambie apumzike. Wewe ndiyo anasikia."

Sikumwambia. Candiru naye alinionya kwamba mshono wa kwapani umeanza kuachia, nimletee shati alirudie. Nikasema hakuna nafasi.

Siku ya mashindano Jacques aliinua mia na thelathini na tano. Lokule alibakiwa na zamu moja. Nikawaambia waamuzi waweke mia na arobaini, bila kumuuliza.

"Mwalimu, bega inauma sana," akaninong'oneza.

"Unataka Koboko yote ichekwe?"

Akalala benchini. Mimi nilisimama kichwani pake, kazi yangu kukidaka chuma akishindwa. Lakini nikikigusa tu, zamu yake inafutwa. Chuma kikashuka. Kilipogusa kifua, mshono ukapasuka. Akakisukuma kidogo, kikasimama, kikaanza kuyumba.

"Shika!" akaita.

Nilisikia. Ndugu zangu, nilisikia vizuri kabisa. Nikangoja, nikidhani labda atakimalizia. Chuma kikamwangukia.

Mbavu tatu zilivunjika, na msuli wa kifua ukakatika kutoka kwenye mkono. Hakuweza tena kubeba gunia. Rosa akaanza kupeleka mihogo sokoni kwa kichwa, akirudi jioni amechoka hata kuongea. Watu waliponiuliza, nilijibu, "Alitanua viwiko. Nilimfundisha, hakusikia."

Lokule alikuwa amezimia, na alipozinduka hakukumbuka kitu. Kitandani hospitalini alinishika mkono. "Mwalimu, nisamehe. Nimekuangusha."

Nami nikamjibu, "Nimekusamehe." Hebu fikirieni hilo.

Miaka miwili baadaye alipita na Rosa pale tunapofanyia mazoezi, mkono wake umelegea. Akawaambia vijana, "Musitanue viwiko kama mimi. Niliharibu maisha yangu mwenyewe."

Nikashindwa kuvumilia. Nikasema yote mbele yao: bega, mshono, kilo nilizoongeza, na jinsi nilivyongoja bila kukidaka chuma alipoita.

Lokule alinitazama. "Mimi niliita?"

"Uliita."

"Na wewe ulisikia?"

"Nilisikia."

Rosa alitua beseni lake chini. "Miaka mbili huyu mutu iko najilaumu mbele ya mutoto wake," akasema. Sauti yake haikupanda. "Twende nyumbani."

Siku hizi kila msimu naenda Ludara kulima shamba lao. Rosa hunionyesha mstari wa kuanzia. Lokule huingia ndani, hatoki mpaka niondoke.

Mafunzo

Wewe unayefundisha watu, mwili wa mwanafunzi wako si wa kulipizia aibu zako. Kifaa humsaidia mwenye nguvu na maarifa, lakini hakiponyi bega bovu. Mtu akisema anaumia, msimamishe. Akiita, mshike, zamu na ifutwe. Na ukikosa, sema siku hiyo hiyo. Mimi nilimwacha Lokule chini ya chuma kwa sekunde chache, kisha nikamwacha chini ya uongo wangu kwa miaka miwili.