Tepu Nyeusi na Injini ya Mzee Bartolomayo

Kila siku baada ya shule, Anyesi alivua sare, akashindilia ugali na mlenda, kisha akakimbilia gereji ya shangazi yake Hilda, mtaa wa Chang'ombe. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na mdomo wa watu wanne. Spana zote alizijua kwa namba, na asiyezijua alimcheka.

Wiki ile gerejini kulikuwa na gari la zamani la Mzee Bartolomayo, mkulima wa zabibu kutoka Mpunguzi. Injini yake ndogo ilipanda vilima ikipiga chafya kama bibi aliyezidisha ugoro. Shangazi Hilda aliing'oa, akaweka kubwa zaidi, pamoja na nyaya na kompyuta yake.

"Moyo wa ng'ombe hauendeshwi na ubongo wa kuku," alisema.

Ilibaki kazi ndogo. Nyuma ya injini kulikuwa na mpira mwembamba wa hewa uliopasuka. "Nenda dukani kwa Octavian ulete mpya, uufunge," Shangazi aliagiza. "Mimi nasawazisha taimingi, injini iwake kwa mpigo wake."

Duka halikuwa mbali, lakini jua la Dodoma lilikuwa limekaa utosini. Anyesi akalitazama jua, akaitazama tepu ya umeme mezani. Akauzungushia tepu ule mpira mpaka ukafanana na kidole chenye bandeji. Nani atauona huko nyuma?

"Tayari?"

"Tayari, Shangazi! Litapanda kilima cha Mlimwa kinyumenyume!"

Injini ikanguruma vizuri. Mzee Bartolomayo, aliyekuwa akisubiri kwenye benchi, akasimama.

"Kesho wavunaji wanaingia shambani, Hilda. Zabibu ikishakatwa haina subira. Gari likigoma, mavuno yangu yanaozea juani."

"Gari tupu ni mwongo, mzee. Ngoja nilijaze kwanza, tulijaribu kilimani."

Nyuma kukapakiwa mifuko ya mchanga. Barabarani walikuwa wakipita Mama Evodia na wenzake wawili, wametoka mazoezi ya kwaya. "Jamani, pandeni, nahitaji uzito!" Shangazi aliita.

"Unatuita magunia?" Mama Evodia aliuliza, naye ameshakaa kiti cha mbele.

Walipanda kilima kwa wimbo, sauti ya kwanza hadi ya tatu. Anyesi, aliyebanwa nyuma, alijiona fundi mkuu. Lakini walipofika juu injini ilikuwa imepata joto kali. Ikaanza kuhema, mngurumo ukipanda na kushuka, mpaka ikazima. Kwaya nayo ikazima.

"Rudisheni kale kainjini kadogo!" kijana wa bodaboda wa mtaani kwao alipita akicheka.

Shangazi alishuka garini. Alifungua boneti, akashika spana. "Labda nimekosea taimingi. Itabidi niifungue yote upya. Mzee atafute gari jingine kesho, hata kama ni kwa kuomba."

Anyesi aliitazama ile spana. Angenyamaza, mzee angepoteza zabibu na Shangazi angepoteza jina lake. Spana ikagusa nati.

"Usiiguse, Shangazi! Taimingi yako ni nzuri. Ni ule mpira. Sikwenda dukani, nilifunga tepu."

Shangazi akainama, akaangaza nyuma ya injini. Gundi ilikuwa imeyeyuka kwa joto na tepu imening'inia kama ulimi wa mbwa.

"Dukani," alisema taratibu. "Kwa miguu."

Anyesi alikimbia kwenda na kurudi jua likimchoma shingo. Akaufunga mpira mpya mwenyewe, akakaza vibanio vyake. Injini ikawaka, ikatulia kama paka aliyeshiba. Wakashuka na kukipanda kilima tena na tena, mpaka Mama Evodia akalalamika kwamba magunia yameiva.

Gerejini, Anyesi mwenyewe alimweleza mzee, aliyebaki akisubiri, bila kuficha. Mzee akatikisa kichwa. "Mjukuu wangu, kumbe ulitaka kunipikia mvinyo barabarani!"

Kesho yake jioni gari lilipita likipiga honi, kreti za zabibu zimejaa hadi dirishani. Mzee alimkabidhi Anyesi kishada kikubwa.

"Kwa tepu, nilikukasirikia," Shangazi alisema, akichuma zabibu moja. "Kwa kusema kabla sijaharibu, nimekuamini. Lakini shika hili: fundi hapimwi kwa pale watu wanapoona. Anapimwa kwa kile alichofunga nyuma ya injini. Haya, nawa mikono, kuna gari linakusubiri."