Ushindi wa Sikukuu ya Wahitimu

Uwanja ulifurika siku hiyo. Kwenye foleni ya soseji, Corwin, kocha wa safu ya mbele ya timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo cha Platte Bend, alimwagia haradali koti jekundu la Marlys.

“Pole, dada! Hata haradali inanishinda, ndiyo maana tunafungwa.”

“Mnafungwa kwa sababu vijana wako wanachoka robo ya mwisho,” alijibu Marlys, mwandishi wa gazeti la mji.

Weee! Mapenzi yakaanzia hapo. Simu kila jioni: “Umekula, mpenzi?” “Nimekula. Na vijana wako wamekimbia?”

Timu ilikuwa imefungwa mechi sita mfululizo. Mkuu wa chuo alishasema, wasipoonyesha maendeleo makocha wote wafungashe. Corwin akifungasha, atarudi kwao Texas, na Marlys alijua mapenzi yao yataishia hapo.

Ikafika sikukuu ya wahitimu, siku ambayo waliosoma zamani hurudi chuoni kutazama mechi. Kama desturi, chuo kilialika timu dhaifu ili wageni waende kwao na furaha. Vijana wa Corwin wakashinda 41 kwa 3, mji ukalipuka kwa shangwe. Marlys alijiuliza: wamepanda kiwango kweli, au wale wengine ndio wabovu? Akaandika kwamba ushindi ule hauonyeshi kitu.

Corwin akapiga simu. “Hata wewe, Marlys? Unanichimbia kaburi?”

“Mpenzi, wale hata bibi yangu angewaangusha.”

Corwin akakata. Wiki mbili hakupokea simu. Marlys alilia, lakini hakufuta hata neno.

Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya vinara wa ligi. Marlys aliacha kutazama ubao wa pointi, akakodolea macho miguu ya vijana wa Corwin. Robo ya nne, baridi inauma, bado walikuwa wanasukuma. Vinara ndio walioshika viuno. Vijana wa Corwin walifungwa 20 kwa 17. Hata hivyo Marlys akaandika: timu imepanda kiwango.

Jumatatu Corwin akaingia ofisini kwa Marlys anahema, tai upande.

“Mkuu amenibakiza! Kasema, ‘Huyu binti wa gazeti hapambi mtu. Aliwaponda mliposhinda, leo akiwasifu, namwamini.’ Marlys, nilikuwa mjinga.”

“Sana.”

“Nataka nikuoe. Usinipambe, nipe jibu la kweli.”

Marlys alimnyooshea tai yake.

“Ningekukubali hata ungefukuzwa,” alisema, akaanza kulia.