Moto wa Kukodi

Pikipiki ya Boxer ilinguruma, ikakata kona ya Pongwe nusura ilale chini.

Mbele, Land Cruiser nyeupe ilikuwa ikichanja mbuga.

"Kozi, toa taarifa." Sauti ya Kanali Castory ilimfikia Rahila, ambaye kazini jina lake la siri lilikuwa Kozi, kwenye kifaa cha sikioni.

"Wameacha lami, afande. Wamepita kwenye mkonge, wanaelekea Kigombe."

"Wazuie. Kamati imeshakaa Dodoma."

Kamati ilikuwa ikiamua fedha za ulinzi ziende wapi: kwenye meli za kivita na rada za pwani, au kwenye droni na magari yanayohimili mabomu ya ardhini, ya kupambana na waasi wa msituni. Laurenti, dalali wa silaha, alikuwa na hayo magari ya kuuza. Alikuwa amekodi watu watatu, ambao sasa alikuwa nao garini, wauchome mnada wa samaki wa Kigombe na kutundika bendera ya waasi, nchi nzima itetemeke na kamati ichague magari yake.

Risasi ikavunja kioo cha pembeni cha pikipiki.

Nyingine ikamchuna bega.

Rahila aliinama, akachomoa bastola yake ya Glock, akalenga tairi.

Pa!

Gari likayumba, likapanda tuta, likalala ubavu. Madumu ya petroli yakapasuka. Wale watatu walitambaa nje, wakatupa bunduki, wakalala chini.

Laurenti alitoka mwisho, kiberiti cha gesi mkononi.

"Nakujua, dada. Kaka yako Abass aliuawa na bomu kule kusini, ndani ya gari la bati tupu. Niache nipite. Askari watapata magari ya maana."

Hapo Laurenti hakudanganya. Rahila alimwona tena mama yao akikatazwa kuifunua sanda.

Alipiga hatua mbele.

"Na watu wa mnadani?"

"Vita havina macho."

"Mimi ninayo."

Teke moja lilirusha kiberiti vichakani. La pili likamlaza Laurenti kifudifudi. Pingu zikalia.

"Nimewatia mkononi, afande."

"Kamati inanisubiri," Castory alisema. "Wewe ndiye mfiwa, Rahila. Niwaambie nini?"

"Waambie Kigombe hakuna waasi. Ila kusini wapo, na vijana wetu wanakufa. Na bahari nayo haina ukuta. Wapime yote mawili, wasiamuliwe na hofu ya kutengenezwa."

"Nitawaambia hivyo hivyo."

Askari walipowasili, Rahila aliwakabidhi watuhumiwa, akafunga bega kwa mtandio, akawasha pikipiki. Akaondoka taratibu kuelekea Kigombe, ambako mnada ndio kwanza ulikuwa unachangamka.